Kadi ya Kupe

Harufu ya karatasi iliyotoka kiwandani, ile ya wino mbichi iliyochanganyika na utamu kama wa peremende, hunichefua mpaka leo. Mwanangu akifungua daftari jipya, mimi hugeuza uso. Wengine huipenda harufu hiyo. Mimi hunirudisha kwenye likizo moja ya Agosti, mtaani Shella, Malindi, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja na watoto wote wa kwetu walikuwa wameshikwa na wazimu wa kadi.

Kadi hizo zilikuja na watalii wa Kitaliano. Watoto wao walizileta kwa mapakiti, zikinukia wino ule ule, na walipoondoka waliziacha vyumbani pamoja na malapa na chupa za mafuta ya jua. Wafanyakazi wa nyumba za wageni wakawabebea watoto wao, nasi tukabadilishana barazani hadi kona zikachakaa. Kila kadi ilikuwa na picha ya mnyama, nambari ya nguvu zake pembeni, na chini kabisa maandishi madogo ya Kitaliano. Mnyama mwenye nambari kubwa alimla mwenye nambari ndogo, na aliyebakiwa na mnyama wa mwisho ndiye aliyeshinda. Wengi walicheza kwa nambari tu, kwa kuwa maandishi hawakuyaelewa. Mimi niliyaelewa. Baba alikuwa na duka la vikoi, wateja wake karibu wote Waitaliano, na nilikulia nyuma ya meza ya duka lile nikiisikia na kuisoma lugha yao. Basi nikawa msomaji wa mtaa. Mtoto akipata kadi mpya huniletea kwanza: "Rukia, hii vipi?" Mimi husoma, nikafikiri kidogo, nikasema aiweke au aibadilishe, na hakuna aliyebishana nami.

Aliyeniamini kuliko wote alikuwa Kadzo. Mamake alikuja kutoka Vitengeni kufua nguo kwenye nyumba moja ya wageni, wakapanga chumba nyuma ya kwetu. Tulikaa dawati moja shuleni, na hakuna siku aliyokula mhogo wa kukaanga asinikatie. Asubuhi moja alinijia na kadi ameishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota mende. Ilikuwa picha ya kupe aliyevimba kwa damu, tumbo la kijivu likimetameta, miguu myembamba ikichomoza ubavuni. Nambari yake ilikuwa moja, ndogo kuliko zote nilizopata kuona.

"Anatia kinyaa huyu," akasema akicheka. "Lakini hebu nisomee, ana kazi yoyote?"

Nikasoma. Maandishi yalisema kupe akitolewa humganda mnyama wa adui, na akishaganda hawezi kuliwa. Kila zamu humnyonya nguvu mbili na kujiongezea yeye. Nikasoma tena polepole. Kupe huyo angetolewa mbele ya wanyama wadogo, angekufa njaa. Lakini likizo ile kila mtoto wa Shella alikuwa akikusanya majitu: majoka, vifaru, simba wenye mbawa. Kadri adui alivyokuwa mkubwa, ndivyo kupe alivyopata chakula kingi. Kadi haikuwa na thamani peke yake. Thamani yake ilikuwa mikononi mwa wenzetu, na mikono yote ilijaa majitu. Pale mtaani hapakuwa na kadi bora kuliko ile, na mwenye kujua hayo alikuwa mimi tu.

"Takataka," nikamwambia Kadzo. "Ukimtoa unaliwa papo hapo. Nipe mimi, nikupe tausi wangu."

Tausi wangu aling'aa kwa rangi ya dhahabu na alikuwa na nguvu sita. Chini yake hapakuwa na neno hata moja. Kadzo aliitazama ile kadi, kisha akanitazama mimi kwa haya. "Si utapata hasara, Rukia?" Nikamwambia mimi na yeye hatuhesabiani. Akanikumbatia.

Jumamosi ya mwisho ya likizo tulishindana barazani kwa Suleiman, mvulana aliyekuwa na joka la nguvu kumi ambalo halijawahi kushindwa. Kadzo alitolewa mapema, akaja kusimama nyuma yangu kunishangilia. Nilipofika kwa Suleiman, akalibwaga joka lake mkekani, nami nikamtoa kupe. Watoto wakaangua kicheko. Nikayasoma maandishi kwa sauti, kwa Kitaliano halafu kwa Kiswahili, nikijiona kama kadhi anayetoa hukumu. Zamu ya kwanza joka likashuka hadi nane, kupe akawa tatu. Zamu ya pili, sita kwa tano. Ya tatu, joka nne na kupe saba, likaliwa. Watu wakapiga kelele. Nikageuka kumtafuta Kadzo, nikamkuta mikono yake imesimama hewani, haijamaliza kupiga kofi.

"Ulijua?" akauliza.

"Maandishi nimeyaona vizuri leo," nikasema.

Hakulia wala hakunitukana. Alimtoa tausi mfukoni, akamweka mkekani mbele yangu, akaenda zake. Usiku ulipoingia nilimsimulia baba, nikitaraji kugombezwa, na nadhani nilitaka kugombezwa. Akacheka mpaka akakohoa. "Huyu ndiye mwanangu!" akasema, akaniwekea mkono kichwani. "Bidhaa husifiwa ikishakuwa yako, si kabla." Nilikitazama kiganja kile nikaona kinyaa. Kisha nikavitazama vidole vyangu, nikaona vinafanana na vyake. Nikatoka nje nikatapika.

Kupe nilimtupa chooni siku ya pili, lakini hilo halikurudisha chochote. Hapakuwa na mtoto aliyeniletea kadi nimsomee tena. Kadzo alihamia dawati la mbele, na mwaka uliofuata mamake akapata kazi Watamu, wakahama.

Siku hizi mwanangu hucheza kadi kwenye simu, na simu yenyewe humweleza kila kadi ina uzito gani. Hana haja ya kumwamini mtu. Wenzangu hulalamika kwamba watoto wa sasa hawachezi pamoja barazani kama sisi, na mimi hunyamaza, kwa kuwa nakumbuka tulivyocheza. Mwaka jana nilikwenda Kilifi kutia sahihi mkataba wa kumpangisha Mtaliano mmoja duka aliloliacha baba. Kitaliano changu ni cha kuuzia vikoi. Cha mikataba kinanishinda, hivyo ofisi ya wakili ikatuletea mkalimani. Alikuwa Kadzo. Tulisalimiana, tukaulizana watoto, kisha akaanza kunisomea, kifungu baada ya kifungu, bila haraka. Alipofika katikati aliweka kidole kwenye mstari mmoja. "Hapa usikubali," akasema. "Anataka kukufunga miaka ishirini kwa kodi hii hii."

Nikamuuliza Kitaliano alijifunza lini.

"Mwaka ule ule," akajibu, macho yake kwenye karatasi.

"Kadzo, nilijua."

"Najua," akasema, akafungua ukurasa uliofuata, akaendelea kunisomea.