Siku Waliyouliza Mwajiri Ni Nani

Mdogo wangu alirudi kutoka Chunya na kalamu mbili mfukoni. Moja ingetosha. Lakini alikuwa amekaa huko miaka minne akiandika majina ya vibarua kwenye mgodi wa dhahabu, na sasa alitaka Iyunga nzima ijue. Akanisalimia, "Shikamoo kaka," akamsalimia mke wangu, na kabla hajamaliza uji akasema anataka kufyatua matofali.

Matofali! Kazi yangu! Baba yetu aliijifunza kwa mapadri wa Tosamaganga, akanifundisha mimi mkubwa, siyo yeye. Mimi ndiye niliyetoka Iringa kwa miguu na rafiki yangu mmoja wa kijijini kwetu, tukaja kufyatua hapa Iyunga wakati watu wa Mbeya wanajenga maduka. Mdogo wangu hakujua hata udongo upi unafaa. Nilimwambia, "Haya, karibu sana," nikacheka meno yote nje. Moyoni nilimwombea mvua.

Mvua haikuja. Baada ya miezi mitatu alikuwa na tanuru lake ng'ambo ya kijito, na watu wanane. Na watu hao hakuwachukua hivi hivi. Aliwapeleka Ofisi ya Kazi mjini, akajiandikisha kuwa ni mwajiri, na kila mtu akapata kipande, ile kadi ya kazi inayotiwa alama kila siku. Kisha akaenda kwa Mhindi mmoja wa bima, wakakubaliana awe anatoa kitu kila mwezi, ili kibarua akiumia na kukaa nyumbani bila kazi asilale njaa. Yote hayo alinieleza akiwa ameketi kwenye kigoda changu.

"Mwajiri mpya lazima aanze hivyo, kaka. Ukimwajiri mtu, na mguu wake ni wako."

"Miguu ninayo miwili, inanitosha," nikamjibu.

Nitasema ukweli, maana nimezeeka na wengi waliokuwepo wameshakufa. Nilikuwa na wivu. Wala si ule wivu wa kutaka na mimi nipate. Nilitaka yeye akose. Kilichoniuma zaidi ni vile vipande. Jumapili baada ya misa vibarua wake walivitoa mifukoni wakaonyeshana, na kwenye kila kimoja, mahali pa mwajiri, limeandikwa jina la mdogo wangu, na nyuma yake jina la baba yetu, ambalo mimi nililibeba miaka sita kabla yeye hajazaliwa! Mke wangu aliniona ninavyotazama, akaninong'oneza, "Acha kukodoa macho, baba, yatadondoka."

Ningeweza kwenda ofisini na mimi. Njia ni ile ile. Lakini kwenda kungekuwa kumfuata mdogo wangu, na heri nife. Nikatafuta ujanja. Kwetu Uhehe mtu akiwa na shamba kubwa, mkewe hupika pombe, majirani huitwa, wanalima tangu asubuhi, kisha wanakunywa na kuimba, basi. Tunaita mgowe. Hapo hakuna mwajiri wala kibarua, ni ujirani tu. Nikasema, mbona na matofali yasifanywe hivyo? Kila Jumamosi mke wangu alitoa mitungi ya pombe ya ulezi, Wahehe wenzetu wakaja, wakachimba, wakafyatua, wakanywa. Mimi nikajiona mjanja kuliko serikali.

Ila mgowe wa kweli ni wa siku moja, na kesho na wewe unakwenda kwa mwenzako. Wangu ulikuwa wa kila wiki, na kwa mtu sikwenda. Tena rafiki yangu niliyetoka naye Iringa hakungoja Jumamosi. Alikuja kila siku asubuhi, na mimi nilimpa chakula na vijisenti. Siku moja aliniuliza kwa haya, huku anakwangua udongo kwenye jembe, "Hivi mimi sipati kipande?"

Nilimfokea. "Kipande cha nini? Vipande ni vya watu wasioaminiana! Mimi na wewe ni wanyalukolo, ndugu, tumekula sahani moja njia nzima."

Akashika jembe lake, akaingia shimoni kuchimba udongo.

Mwaka huo nilitaka kuchoma tanuru kubwa kuliko la mdogo wangu kabla ya masika. Hiyo tu ndiyo iliyokuwa akilini mwangu. Badala ya kupanua shimo, nikawaambia rafiki yangu na wenzake wachimbe kwa ndani, chini ya ukingo, ambako udongo ni laini na kazi inakwenda haraka. Ukingo ukabomoka. Wenzake waliruka, rafiki yangu hakuwahi. Waliomfukua ni vibarua wa mdogo wangu, waliovuka kijito mbio, na yeye mwenyewe mbele yao na viatu vyake vya ngozi. Niliviona vile viatu vinazama kwenye tope, nikafurahi kidogo. Mungu anisamehe, mtu analia chini ya udongo na mimi natazama viatu.

Hospitali wakamkata mguu chini ya goti.

Baada ya wiki mbili akaja bwana wa Ofisi ya Kazi, Mzungu mwenye Kiswahili kilichonyooka, pamoja na karani wake. Walisimama kando ya tanuru langu. Mke wa rafiki yangu alikuwepo, ameketi juu ya matofali na mtoto mgongoni. Bwana yule hakuzunguka.

"Mwajiri wa mtu huyu ni nani?"

Kila mtu alielewa swali. Kama mwajiri yupo, atalipia ule mguu. Kama hayupo, yule mama atarudi nyumbani mikono mitupu.

"Hakuna mwajiri, bwana," nikasema. "Ulikuwa mgowe. Watu walikuja kunywa pombe tu."

Karani akaanza kuandika. Yule mama akajifunika uso kwa khanga. Hapo mdogo wangu akasogea mbele.

"Mwajiri ni mimi," akasema. "Ni mtu wangu. Nilimwazimisha kaka."

Uongo mtupu! Na kila mtu alijua ni uongo, wakaguna kwa kumstahi. Yule mama akafunua uso, akamtazama mdogo wangu, akateremka pale juu apige magoti mbele yake. Lo! Kalamu nilivumilia. Tanuru nilivumilia. Sasa anichukulie na rafiki yangu pia?

"Mwongo huyo!" nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. "Mwajiri wake ni mimi! Alifanya kazi kwangu kila siku ya Mungu! Andika jina langu!"

Karani akafuta, akaandika jina langu.

Nililipa. Waliondoka ng'ombe wawili, yakaondoka mabati ya nyumba, likaondoka tanuru, na aliyelinunua, nani mwingine, ni mdogo wangu. Rafiki yangu akafungua kiduka cha chumvi na mafuta ya taa pale barabarani, watoto wakasoma. Kila aliyeingia, yeye alimweleza habari zangu: ningeweza kumkana, lakini nilisimama mbele ya Mzungu nikasema kweli. Padre alinitaja kanisani. Kila Krismasi nililetewa jogoo.

Alipokuwa anakufa aliniita. Akanishika mkono akasema kwamba watoto wake nimewalea mimi, na kwamba siku ile pale tanurini nilimfikiria yeye kuliko mali yangu. Nilitaka kumwambia kwamba siku ile sikumfikiria hata kidogo. Nikafungua mdomo. Lakini mdogo wangu alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, anasikia ninavyosifiwa, nikaufunga.