Chumba cha La Rochelle

Jumamosi nilikuwa nasukwa saluni, huku ugenini Yeoville, mtaa wetu wahamiaji. Televisheni ilikuwa inaonyesha historia ya mji mmoja wa Marekani, enzi zile weusi wakinyimwa nyumba kwenye mitaa ya wazungu. Msusi wangu, mama wa Lubumbashi, alisimamisha chanuo hewani, machozi yanamlengalenga.

"Mungu yangu! Kumunyima mutu nyumba sababu ya ngozi!"

Mara akaingia dada mmoja kuulizia chumba ambacho msusi huyo anapangisha mtaa wa pili, La Rochelle.

"Unatoka wapi?"

"Tanga."

"Eish, dada. Ile chumba ni ya Wakongomani tu." Akaigeukia televisheni, akajifuta macho. "Ona roho mbaya ya wale wazungu!"

Mimi pia ni wa Tanga, na neno nilikuwa nalo. Lakini nusu ya kichwa changu ilikuwa bado haijasukwa.

"Wabaya kweli, mama," nikaitikia.