Siku Hobert Alipofuta Mizio Yake

Drema Cantley alikuwa anamalizia kumfunga bendeji mzee mmoja aliyejikata na msumeno wa kuni, ndipo akaisikia sauti ya kaka yake kule mapokezi. Hakuwa na haja ya kuchungulia. Miaka yote aliyofanya kazi ya uuguzi katika idara ya dharura ya hospitali ile ndogo ya bondeni, sauti ya Hobert ilikuwa na njia yake: huanza chini kwa chini, kwa adabu nyingi, na dada na tafadhali, halafu ikinyimwa inapanda mpaka kila mtu kwenye viti vya kusubiri anageuza shingo.

Akavua glovu, akatazama huku na huku kumtafuta Retha. Yeye na Retha walikuwa na mapatano yao. Hobert akija, Retha anampokea, na Drema anajipoteza stoo, anajifanya kupanga mashuka mpaka kaka yake aondoke. Hakuna aliyewahi kuyazungumza mapatano hayo mbele ya wakubwa, lakini kila mtu aliyajua. Balaa ni kwamba siku hiyo ilikuwa Jumapili mchana, na Retha alikuwa mtoni na watu wa kanisa lake, binti yake anabatizwa. Zamuni walikuwepo Drema na Dakta Subramani, basi.

Hobert hakuanza akiwa hivi. Alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe kama baba yao, kijana wa mabega mapana, mcheshi, ambaye hata wasimamizi wa mgodi walipenda kukaa naye wakati wa kula. Siku moja dari la mgodi likashuka. Wenzake wawili waliokuwa mbele walitoka salama, yeye likamkamata kiunoni. Akapewa vidonge vikali vya maumivu, na vidonge vikamsaidia kweli, asiseme mtu kwamba havikumsaidia. Akarudi kazini navyo. Mgodi ulipofungwa akabaki navyo. Ilikuwepo kliniki moja kando ya barabara kuu, ambako magari ya kutoka majimbo mengine yalipanga foleni tangu asubuhi, na daktari wake alikuwa hainui hata kichwa kumtazama mgonjwa. Kliniki hiyo ilipovamiwa na polisi na kutiwa kufuli, watu wote wa foleni ile walitawanyika na arosto zao, ile kiu ya vidonge, mwilini, na wengi wao wakaishia hapa, kwenye idara ya Drema.

Hapa ndipo Hobert alipohitimu. Alijua jino lipi la kushika na mgongo upi wa kukunja. Alijua kwamba mwenye kijiwe kwenye figo hutoka damu kwenye mkojo, kwa hiyo akienda chooni na kikopo alijichoma kidole kwa pini na kudondoshea tone. Na alijua kitu kimoja zaidi. Kila daktari alipotaka kumpa dawa ya maumivu isiyolevya, alisema ana mzio nayo, mwili wake unaikataa: hii inamvimbisha ulimi, ile inamtoa malengelenge, ile nyingine nusura imuue. Kila alilosema liliingizwa kwenye kompyuta, maana mzio si jambo la kufanyia mchezo, na kila alipolazwa alifungwa mkononi mkanda mwekundu wa wenye mzio. Retha alikuwa akisema, "Huyu kaka yako, Drema, Mungu amemwumbia dawa moja tu duniani."

Drema alikuwa akicheka. Aliacha kucheka mwaka mama yao, Icie, alipovunjika nyonga. Mama alilia siku tatu kitandani, anasema vidonge havimshiki, na Drema akamwambia avumilie, mfupa una maumivu yake. Alipokuja kumwaga kichupa cha dawa za mama kiganjani, akakuta vitamini. Hobert alikuwa amevibadilisha. Tangu siku hiyo mama alimkataza mwanawe kuvuka mlango, na Drema akaacha kumwita kwa jina. Akimtaja, alisema "yule".

Watu walimwambia kwamba tangu majira ya baridi yule ameanza kwenda kliniki ya wanaoacha vidonge, ng'ambo ya mlima, anapewa dawa ya kuyeyusha chini ya ulimi, na hajakosa. Drema alijibu, "Vizuri." Alishawahi kujibu vizuri mara nyingi mno.

Sasa akatoka kwenda mapokezi. Hobert hakuwa amekaa. Alikuwa anatembea ameinama, anashika ubavu, anafika ukutani, anageuka. Jasho lilikuwa limemlowesha shati. Kwa hili, Drema akawaza, mtu ampe maksi zake.

"Retha yuko wapi?" Hobert akauliza.

"Hayupo. Leo ni jino au ni figo?"

"Figo."

"Afadhali. Lile jino tumelichoka."

Mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa na mume wake mwenye kikohozi akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Nesi, mpe huyo sindano yake aende zake. Mume wangu anakohoa tangu kanisani."

"Haya, shangazi, nimekusikia," Hobert akasema bila kugeuka, kisha akaushika ukuta kwa mikono miwili na kutapika kwenye ndoo ya taka.

Drema alimpeleka chumbani. Akampa kikopo. Kabla hajamruhusu kuingia chooni akamwambia, "Leta mikono."

"Drema."

"Leta mikono niione."

Hobert akaigeuza viganja juu, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Drema akavipapasa vidole vyote, kimoja kimoja. Havikuwa na tundu. Akampekua na mifuko, akasimama mlangoni mwa choo akitazama pembeni, na mlango haukufungwa. Drema alizaliwa miaka miwili baada yake. Walioga beseni moja utotoni. Hakuna kitu kati yao kilichobaki cha kuficha, na hata hivyo alijisikia vibaya. Kikopo kilipotoka, mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Dakta Subramani aliingia anakoroga kahawa. Alikuwa amekaa bondeni miaka mingi kuliko wachungaji watatu waliopita, na alikuwa ameshika hata lafudhi ya huko.

"Hobert bwana! Nilidhani umetuhama."

"Dakta, nasikia maumivu ya kufa. Lakini ile sindano sitaki."

"Ipi?"

"Ile. Unaijua. Nipe kitu kingine chochote."

Daktari akamtazama Drema. Drema akatazama mashine ya presha. Katika maisha yao ya kazi walishaambiwa mengi na mengi walishayaamini kimakosa, ila hili halikuwa limewahi kusemwa na mtu yeyote ndani ya chumba kile.

"Hii ndiyo mbinu mpya?" daktari akauliza, polepole, kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Nipige picha," Hobert akasema, meno yameumana. "Ukikosa kitu, niite mbwa."

Akapigwa picha. Kijiwe kilikuwepo. Kilikuwa kimekwama kwenye mrija chini ya figo ya kushoto, kidogo, cheupe, kinaonekana hata na asiye na elimu. Dakta Subramani akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta, akasema, "Drema, kipo."

"Nimekiona."

"Basi ipo dawa nzuri, haileweshi, inafaa mawe kabisa." Akateremsha ukurasa. "Lakini tazama. Hapa tumeandika koo lake linavimba. Na hii ya pili tumeandika anazimia. Hata ile ya homa wanayopewa watoto hawezi. Sasa mimi nimpe nini? Maji?"

"Alikuwa anadanganya, Dakta. Sote tunajua."

"Tunajua, ndiyo. Nikimchoma akafa, hapo utaniambia tulijua?" Akasugua macho. "Kaa naye. Moja moja. Akuambie ipi kweli, ipi uongo, na usikie mwenyewe. Mimi siwezi kufuta mzio wa mtu kwa kukisia."

Basi Drema akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda, jambo ambalo hakulifanya tangu nyonga ya mama. Hobert alikuwa amejikunja ubavuni, magoti kifuani. Maumivu yalikuwa yanakuja kwa mawimbi, na wimbi likija alikuwa hawezi kusema.

Drema akataja dawa ya kwanza.

"Uongo," Hobert akasema.

Akataja ya pili.

"Uongo."

"Hii tumeandika ulipelekwa wodini kwa ajili yake."

"Nilijikuna, Drema. Nilijikuna shingo mpaka ikawa nyekundu, nikamwita nesi."

"Nesi yupi?"

"Wewe hukuwepo. Endelea."

Akaendelea. Hii ya homa ya watoto? Uongo, yule msichana wa mapokezi alimwuliza kama kuna nyingine, akaona aongeze. Na hii? Uongo. Wakati mmoja Drema alijikuta anacheka, si kwa furaha, ni ule uchovu unaomfanya mtu acheke, na Hobert naye akacheka kidogo, kisha wimbi likamkamata, akauma shuka.

"Penisilini," Drema akasema lilipopita.

"Hiyo ni kweli."

"Usianze."

"Ni kweli, haki ya Mungu. Kwa bibi. Nilitoka vipele mwili mzima, ukawa unaviunganisha kwa kalamu ya wino, unasema unachora ramani."

Drema alikumbuka ile kalamu, na kofi alilopigwa na bibi kwa ajili yake. Akaiacha penisilini mahali pake.

"Na vile vidonge vya mama," Hobert akasema.

"Hivyo havimo humu."

"Najua havimo."

Alikuwa anatazama ukuta. Drema mwenyewe alikuwa na maneno aliyoyatunza kwa ajili ya siku hiyo, makali, aliyoyapanga akiendesha gari, akiosha vyombo. Alipoyatafuta hakuwa na nguvu ya kuyanyanyua. Akainuka kwenda kumwita daktari.

Walimchoma dawa ya kwanza, ile ya koo kuvimba, na wakasimama wote wawili wakimtazama koo. Halikuvimba. Baada ya muda uso wake ukaanza kulegea. Dakta Subramani akafuta alichopaswa kufuta, akamwambia kwa upole kwamba hata mtu anayetumia dawa ya kliniki anaweza kupewa ile kali kwa siku moja, chini ya uangalizi, kama maumivu yatamshinda, na si dhambi.

"Drema," Hobert akasema daktari alipotoka, "nikiitaka, usikubali."

"Mimi si polisi wako."

"Nakuomba."

"Nimekuwa polisi wako miaka mingi sana, Hobert. Nimechoka. Ukiitaka, itake mwenyewe. Ukiikataa, ikatae mwenyewe."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu nyonga ya mama kumwita kwa jina, na hakuna kati yao aliyelitilia maanani.

Maumivu yalirudi kabla jua halijavuka mlima. Yalirudi vibaya. Hobert aliita, na safari hii aliitaja ile dawa kwa jina lake lote, kwa ile sauti ya adabu, ya chini kwa chini. Drema alikwenda kwa Dakta Subramani akasema, "Anaiomba. Muulize yeye, mimi simjibii."

Waliporudi Hobert alikuwa ameketi, miguu inaning'inia, anatetemeka.

"Unaitaka?" daktari akauliza.

"Naitaka. Tangu niingie hapa naitaka." Akafuta mdomo kwa mkono wa shati. "Nipe ile ya watoto."

"Kwa mshipa ina nguvu, lakini haitakuondolea yote."

"Nipe hivyo hivyo."

Wakamtundikia dripu. Haikumwondolea yote. Alilia kidogo, akalala kidogo, akaamka akatukana, na Drema akaenda kumhudumia yule mzee wa kikohozi.

Zamu ilipoisha Drema alimpakia kaka yake kwenye gari. Hakumwambia wanakwenda wapi. Icie alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi, akamtazama mwanawe kutoka juu mpaka chini, akasema, "Viatu uviache nje." Ndani kulikuwa na maharage na mkate wa mahindi. Mama alikwenda moja kwa moja chumbani, akasikika anageuza ufunguo kabatini mwa dawa zake, akarudi nao akautia kwenye mfuko wa aproni, mbele ya macho ya Hobert, naye akainamia sahani akala. Kisha mama na mwana wakaanza kubishana kama maharage yana chumvi. Drema alisinzia kwenye kiti na viatu vyake vya kazi miguuni, na walimwacha hapo mpaka asubuhi.

Kijiwe kilitoka siku ya pili yake, chooni kwa mama, kwa kelele ambayo majirani waliisikia. Hobert alikaa pale wiki moja, akarudi kwake. Majira ya majani kupukutika aliteleza, akarudia vidonge. Alipotea siku kadhaa, na Drema akazungukia maegesho ya magari akimtafuta huku akijiambia kwamba hamtafuti. Kisha akarudi kliniki mwenyewe, wakampokea, akaanza tena. Mama bado anafunga kabati.

Kila Alhamisi, akitoka ng'ambo ya mlima, anampigia Drema simu. Anasema, "Nimekwenda." Drema anasema, "Sawa." Mara nyingine simu inaita mpaka inakatika, kwa sababu Drema ametoka zamu na amelala.