Hatua Mia Tatu za Dell Ostrander

Siku hizi vijana wakija Harlow na baiskeli zao za bei mbaya hawamuulizi mtu. Wanatazama simu, simu inasema geuka kulia, wanageuka kulia. Jioni wanakaa mkahawani kwa Peg na bia zao, wanajisifu kwamba jangwa letu la huku juu wamelimaliza kwa siku mbili. Mimi nakunywa kahawa yangu. Nikisema ya moyoni nitaitwa kikongwe mwenye wivu, na sitakuwa nimesingiziwa.

Zamani njia zote zilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, Dell Ostrander, fundi wa pampu za visima. Mtu mrefu, mkimya, masikio mekundu kwa jua. Kazi ilimpeleka kwenye kila shamba la ng'ombe mashariki mwa Oregon, na nyuma ya pikapu yake, katikati ya mabomba, hapakukosa baiskeli ya milimani iliyofungwa kwa kamba ya kufungia majani ya ng'ombe. Wafugaji walimcheka. Mwanaume mzima, miaka arobaini na mitano, anakimbizana na baiskeli porini!

Mimi nilikuwa karani wa posta, mwanamke wa miaka ishirini na sita, talaka yangu hata wino haujakauka. Ilikuwa 1991. Nilinunua baiskeli ya mkono wa pili, nikamfuata Dell kisimani alikokuwa akifungua pampu.

"Nifundishe kutafuta njia."

"Unajua kukaa kimya?"

"Sijui."

"Nilidhani hivyo. Haya, panda gari."

Somo la kwanza baiskeli hatukuzigusa. Tulikaa karibu na birika la maji tukawatazama ng'ombe wakija kunywa. Ng'ombe hapendi kujichosha. Akipanda kilima anakizunguka polepole, na mteremko anaouridhia yeye ndio huohuo baiskeli inaoutaka. Tulizifuata nyayo zao kinyumenyume, saa nzima, mpaka tukatokea ukingoni mwa korongo ambalo sikujua kama lipo. Dell alitoa mkasi wa kupogolea, akakata matawi mawili matatu yaliyozidi, akaurudisha mfukoni.

"Kazi nyingine wameshaimaliza hawa akina mama," akasema, akionyesha mavi ya ng'ombe.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mvua ikinyesha, penye mchanga nenda, penye udongo wa mfinyanzi usikanyage. Udongo wetu huo ukilowa unang'ang'ania tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na ukikauka, alama uliyoacha inakuwa saruji, inakaa miaka. Ya pili, mwanzo wa njia hauonekani. Ukitoka kwenye lami unaibeba baiskeli begani, hatua mia tatu juu ya mawe meusi ya volkano yasiyoshika alama, ndipo unaishusha. Dell alizihesabu kwa sauti ya chini. Nikishusha kwenye mia mbili tisini na tisa alinirudisha barabarani nianze upya, na hakuwa akitania.

Njia zake zilikuwa kumi na moja, zote zimefichwa hivyo. Watu wachache tulizijua, na tulivimba vichwa kwa hilo.

Miaka mitatu ile nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena mpaka leo. Jumamosi asubuhi pikapu inapiga honi nje kwangu. Mkewe, Lorene, ametufungia mkate wa mahindi na nyama baridi, na onyo lake lilelile: "Mkivunjika miguu msinipigie simu mimi." Vichaka vimelowa umande, vinanukia dawa. Dell yuko mbele, anapiga mluzi mara mbili kila penye jiwe baya ili mimi wa nyuma nilikwepe. Nikiikumbuka harufu ile natamani kulia, na wakati mwingine nalia kweli.

Niliiharibu mwenyewe. Aprili 1994 nilikwenda peke yangu kwenye njia ya Korongo la Kware, siku moja baada ya mvua. Bega lilikuwa linaniuma. Kando ya mawe kulikuwa na uwanda wa mfinyanzi, tambarare, unaotokea kulekule. Nikajiambia, leo tu. Nilikwama katikati, nikaivuta baiskeli mpaka upande wa pili. Nyuma yangu mfereji wa tairi ulianzia kwenye lami ukaenda moja kwa moja hadi kwenye njia. Ukakauka. Kufika Juni, kila mwenye baiskeli na kila mwenye farasi alikuwa ameufuata.

Dell hakunigombeza. Afadhali angenitukana. Alikuja posta, akanunua stempu moja.

"Bega lilikuwa linauma?"

"Ndiyo."

"Haya."

Jumamosi ile honi haikulia. Haikulia miaka ishirini na tisa. Tulisalimiana kama majirani wanavyosalimiana, nikamuuzia stempu zake. Nilisikia amepata njia ya kumi na mbili, nzuri kuliko zote, ameiita ya Lorene, na hakumwonyesha mtu. Lorene alipofariki nilikaa kiti cha mwisho kanisani.

Mwaka 2023, mwezi wa tano, simu ikalia asubuhi.

"Imenyesha," sauti ikasema.

"Dell?"

"Njoo na baiskeli. Pikapu utaendesha wewe, macho yangu sasa ni pambo tu."

Nilimkuta amekaa kibarazani, kofia kichwani, fimbo mkononi, miaka sabini na saba. Tulikwenda maili nyingi, yeye akihesabu kona kwa vidole. Kisha akasema, "Mpwa wangu alinizungusha kwenye njia zangu mwaka jana. Kumi zimekufa, Twyla. Vichaka vimezila. Nimezificha mpaka zimepotea."

"Na ya Korongo la Kware?"

"Hiyo? Jumamosi ina watoto wa shule thelathini, makelele matupu." Akacheka kidogo. "Imebaki hii ya Lorene. Nikiondoka nayo imekwisha. Simama hapa."

Nilishuka, nikaitupia baiskeli begani. Nina miaka hamsini na minane, goti linalia, lakini niliyakabili mawe meusi ya pale. Moja. Mbili. Tatu.

"Unafanya nini wewe?"

"Nahesabu, mzee. Safari hii sishushi."

"Shusha."

"Dell, pembeni ni mfinyanzi mtupu, na umelowa."

"Kwani mwezi mzima nimesubiri mvua ya nini? Anzia hapa kwenye lami. Ukikwama, vuta. Niachie mfereji kama ule wa kwanza, watu waione njia. Ule uliuchora vizuri sana."

Machozi yalinitoka, sikujali. "Nisamehe, Dell."

"Nilikusamehe tangu stempu zikiwa senti ishirini na tisa. Ukaidi tu ulinizuia kupiga honi. Nenda, kabla udongo haujakauka."

Nikaenda. Udongo ulinikamata mara moja, nikakwama, nikavuta, nikapanda tena, matope mpaka mapajani, na nyuma yangu alama ikafuata, nene, iliyonyooka. Nilipoikaribia kona ya kwanza nilisikia mluzi kutoka barabarani, mara mbili. Hakuwa akiniona, lakini jiwe alijua lilipo. Nikalikwepa.