Karoti za Miguu Miwili

Raheli wa Shume alikuwa mtu wa chai. Chai ya tangawizi yenye sukari ya kukolea, sufuria moja asubuhi na nyingine jioni, maana Shume kuna baridi na mwili unataka moto. Kwa hiyo binti yake Yudith alipomtumia blenda kutoka Dar es Salaam na kumwambia kwenye simu kwamba sasa atakunywa juisi ya karoti, bitiruti na peasi, tena bila sukari, bibi huyo alicheka mpaka akakaa chini.

Yudith hakucheka. Presha ya mama yake ilikuwa juu, miguu inavimba, na muuguzi wa zahanati alishasema vidonge peke yake havitafua dafu kama chai ni ile na mboga haziliwi. Pasaka ikifika hakuna nafuu, Yudith alisema, atakuja mwenyewe kumchukua wakaishi wote mjini. Hapo Raheli akaacha kucheka. Aliwahi kukaa kwa Yudith, akashinda dirishani akitazama ukuta wa jirani.

Mboga haziliwi! Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Yeye na marehemu mumewe Stephano walilima karoti maisha yao yote, na sheria ya nyumba ilikuwa moja: karoti iliyonyooka inaingia kwenye tenga na kushuka mjini na lori; iliyokutana na jiwe ardhini ikaota miguu miwili, hiyo ni ya nyumbani. Tangu Stephano afariki, hata hizo za nyumbani alikuwa akimpa ng'ombe. Kumpikia mboga mtu mmoja aliona ni kujichosha bure.

Basi akaanza juisi. Siku za mwanzo meno yaligongana kwa baridi, akainywa huku amejifunga blanketi. Lakini ladha aliizoea upesi. Waliomshinda ni watu. Kwao mtu hanywi kitu huku mwenzake amesimama mlangoni akimtazama, na ile blenda ilinguruma bonde zima likasikia. Jirani yake Esta akaja kuomba chumvi, akapewa glasi. Kesho yake akaja bila hata kisingizio cha chumvi, akamleta na shemeji yake. Haukupita muda Esta akawa anang'aa uso kama bibi harusi, na Raheli miguu bado imevimba, anaosha glasi tu.

Kumfukuza mgeni hakuweza. Akaona heri atoroke yeye. Akawa anatia juisi yake kwenye chupa, anaificha ndani ya kitenge, anapanda shamba la juu ambako hapiti mtu, mpaka kwenye mpeasi alioupanda Stephano mwaka aliozaliwa Yudith. Mwanzoni alipumzika kila tuta, akitweta na kukilaumu kilima. Akifika juu anakunywa polepole, na mambo ya zamani yanamjia yenyewe. Hapo ndipo Stephano alipokuwa akifuta karoti kwa shati lake, anaivunja katikati ya miguu yake miwili, na kumpa mkewe ule mguu mnene. Hawakujua kama ile ni lishe. Walikuwa vijana, wana njaa, na karoti ilikuwa tamu. Alimkumbuka mno, akalia kidogo, akashuka. Kesho yake akapanda tena.

Jumamosi kabla ya Pasaka, Yudith alifika na sanduku kubwa tupu la kupakia nguo za mama. Nyumbani hakumkuta. Esta akamwonyesha kilima kwa kidole, akasema siku hizi mama yako anashinda kule. Yudith akapanda kwa wasiwasi, viatu mkononi, akasimama mara kadhaa kushika kiuno. Alimkuta mama yake ameketi chini ya mpeasi, anapumua vizuri kabisa.

“Shikamoo, mama,” alisema kwa shida.

“Marahaba, mwanangu. Unatweta kama mgeni.” Raheli akamkabidhi chupa. “Basi kunywa wewe kwanza.”

Yudith akanywa. Kisha akaanza habari ya sanduku, lakini mama yake akamshika mkono.

“Zilizonyooka zote tulizipeleka mjini, na wewe ukiwa mojawapo, na sijuti. Mimi ni ile ya miguu miwili, Yudi. Niache nyumbani.”

Yudith aliuegemea ule mpeasi, akalia kama alivyokuwa akilia utotoni, na mama yake akamwacha alie. Waliposhuka, Raheli ndiye aliyetangulia.

Baada ya sikukuu muuguzi alimpima presha, akakuta imeshuka. Akamwambia vidonge asiache, wala juisi, wala kile kilima. Na lile sanduku halikurudi mjini tupu. Yudith alilijaza karoti za miguu miwili, alizozichagua mwenyewe shambani.