Nyuki wa Baba Mkwe

Kahawa ya Nyeri huchanua yote kwa mpigo, siku chache baada ya mvua, na shamba zima hunukia mpaka kichwa kinakuwa chepesi. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, uhuru ukiwa bado mchanga, nilitembea ndani ya harufu hiyo nikijiona naelea. Nilikuwa mwalimu kutoka magharibi mwa nchi. Kikuyu kilinishinda, kwa hiyo mimi na baba mkwe tulisemezana kwa Kiswahili. Nilitaka sana anipende.

Alipokwenda Kerugoya kwa siku mbili, nikajitwika bomba la dawa ya wadudu ili arudi akute kahawa imepigwa. Kichwa ngumu mimi, sikumwuliza mtu. Nilinyunyizia maua yale meupe asubuhi nzima, huku nikiimba.

Alirudi akakuta nyuki wake wamekufa, wametapakaa chini ya mizinga ya magogo kama makapi. Akaokota mmoja, akamweka kiganjani.

"Hizi ndio zilikuwa zinafanya kazi hapa, mama," akasema. "Sisi tunasaidia tu."

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

Shamba likawa kimya. Maboga ya mama mkwe yalifika ukubwa wa kidole gumba, yakageuka manjano, yakaanguka. Mama mkwe ndiye aliyenionyesha la kufanya: chuma ua dume, lile lisilo na kiboga nyuma yake, upake unga wake ndani ya ua jike. Basi kila siku kabla ya shule, mlima ukielea juu ya ukungu, nilipita ua kwa ua na sketi imelowa umande. Kazi ya nyuki wachache ilinivunja mgongo. Baba mkwe naye alipaka nta kuukuu ndani ya mzinga mtupu, akautundika tena mtini, akangoja harufu ivute kundi jipya. Nilimwonea huruma, na nilijichukia.

Asubuhi moja nimeinama, ua dume mkononi, nyuki akatua kwenye kidole changu. Sikupumua. Akaingia ndani ya ua lile, akatoka amejaa unga, akarukia ua jike lililokuwa mbele yangu.

"Baba!" nikaita. "Moja imerudi!"

Alikuja mbio, blanketi likiburutika nyuma. Tukasimama bega kwa bega tukimtazama yule nyuki, mpaka baba mkwe akanipokonya ua mkononi.

"Sasa enda shule, mama," akasema. "Mwenye kazi amekuja."

Nililia njia nzima, na darasani nikachelewa.