Kuogelea Juu ya Benchi la Seremala

Sijui kutulia. Hata sasa ninapoandika haya nimeshainuka mara kadhaa kuchungulia dirishani kama mashua ya mafunzo imerudi, na wala si zamu yangu. Mama husema nilitoka tumboni nikiwa na haraka zangu.

Nilichagua uvuvi nikiwa Tabora, mji ambao samaki tunamjua zaidi akiwa mkavu. Afisa uvuvi alikuja shuleni kwetu kutuambia kwamba vijana wa huku bara nao wanahitajika ziwani: kukagua nyavu, kupima samaki, kisha kurudi vijijini kufundisha watu kuchimba mabwawa na kufuga. Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa nimechoka kusikia treni ya Kigoma ikipiga honi na kuondoka bila mimi. Nikaomba chuo, nikachaguliwa. Ndipo nikaambiwa kwamba asiyefaulu jaribio la kuogelea hapandi mashua, na asiyepanda mashua anarudi kwao.

Sikujua kuogelea. Ningejifunzia wapi? Bwawa la mji ni la maji ya kunywa, na tangu utotoni tunakatazwa kutia hata unyayo. Mama akapata pa kunishikia.

"Mtu wa Tabora na kuogelea wapi na wapi? Wazee wetu wamebeba mizigo kwa miguu toka ziwani mpaka pwani. Nani aliambiwa aogelee?"

Baba ni seremala, na karakana yake iko uani kwetu. Hajawahi kuingia kwenye maji yanayozidi magoti. Lakini jambo likishindikana, yeye hulitafutia mbao. Alitazama picha za waogeleaji nilizomwonyesha kwenye simu, akapangusa maranda juu ya benchi lake la kazi, akatandika gunia.

"Haya mama, lala," akaniambia mimi bintiye.

Nikalala kifudifudi, mikono ikivuta hewa, miguu ikipiga hewa, kiganja chake kipana kikinishikilia tumboni nisiteleze. Mbele ya uso wangu palikuwa na jiliwa, kile chuma cha kubania mbao. Kila nilipoinamisha kichwa, kidevu kiligonga chuma.

"Kidevu juu!" baba alisema. "Juu, mwanangu!"

Majirani walichungulia. Wateja wa vitanda walisubiri. Mama alipita na ndoo yake bila kutuangalia. Tulifanya hivyo kila asubuhi hadi siku ya safari, na nilipopanda treni nilikuwa na uhakika kwamba sasa ninajua.

Ziwani nilizama kama jiwe. Wenzangu waliozaliwa ufukweni walikwenda hadi kwenye boya huku wakipiga soga. Mimi na suruali yangu na kilemba changu tulipigana na maji mpaka mkufunzi akanivuta kwa fulana. Nikajaribu tena, nikazama tena. Siku ya jaribio ilikuwa inakaribia, na kila aliyenitazama niliona ananidhihaki.

"Mbona unainua kidevu hivyo?" mkufunzi akaniuliza. "Ukiinua kichwa, miguu inazama. Nani alikufundisha?"

"Baba yangu, mwalimu."

"Ni mvuvi?"

"Seremala."

Gati zima likacheka. Nilitamani kuwarukia. Mkufunzi akaniambia nitie uso majini, basi, hakuna zaidi ya hilo, nami sikuweza. Shingo ilikuwa inangoja chuma. Na kulikuwa na jambo jingine lililoniuma zaidi: kuinamisha kidevu kulikuwa kama kumwambia baba, mbele ya watu wale waliocheka, kwamba hakujua alichokuwa akifanya.

Siku ya jaribio niliingia majini. Nikatia uso. Hakuna kilichonigonga. Miguu ikapanda yenyewe, miguu ile ile aliyoizoeza yeye, ikapiga vile vile alivyotaka ipige. Nilishika boya nikilia, na kwa bahati pale machozi hayaonekani.

Nikampigia baba simu kabla hata ya kubadilisha nguo.

"Nimepita, baba!"

"Alhamdulillahi! Kidevu kilikuwa juu?"

Nilitaka kudanganya, lakini mdomo wangu hauna breki. "Kilikuwa chini, baba. Kikiwa juu mtu anazama."

"Kumbe," akasema. Kisha akasema ana mteja, tutaongea.

Sikuwa na raha tena. Nilipanda mashua niliyoililia, nikajifunza kutega nyavu na kusoma mawingu, na katikati ya ziwa nilikuwa nikimwona baba amesimama peke yake uani. Likizo ilipofika nilishuka stesheni ya Tabora nikaenda nyumbani nusu nikikimbia, nikiwa sijui nitamwambia nini.

Benchi alilorithi kwa baba yake, lililotoa nusu ya milango ya mtaa wetu, lilikuwa limekatwa. Jiliwa limehamishiwa ubavuni. Pale lilipokuwa pamechongwa nafasi ya uso, kingo zake zimepigwa msasa hadi zinateleza. Mdogo wangu, ambaye mwaka huu naye ameanza kutaja ziwa, alikuwa amelala juu yake, uso chini, na mama yetu amemshika miguu.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," wakaitikia pamoja. Baba hakuondoa kiganja chake tumboni mwa mdogo wangu.

"Weka mzigo chini, uje uangalie," akaniambia. "Hapo kidevu kimekaa sawa?"